Eda ya Mgomba

Ujerumani, Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na najua hapo ulipo umeshaitika "marahaba, mwanangu" kwa sauti, ingawa anayekusomea ni kaka Bakari na mimi sipo. Shikamoo na wewe, kaka. Wifi yangu Mwanaidi, naomba uache hivyo vyombo, uje ukae mkekani karibu na Mama, kwa sababu barua hii nataka iwe na shahidi.

Macho yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia la kushoto limebaki kuona mwanga tu, na kwamba daktari wa Msambweni amekupa siku ya kurudi kutolewa mtoto wa jicho. Usiiache siku hiyo ikapita kwa ajili ya harusi ya mtu. Na goti je, bado unalipaka yale mafuta ya mwarobaini? Yule mbuzi mkorofi amezaa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa vidole vinapasuka kwa baridi na sabuni, na usingizi umenihama wiki mbili hizi. Sababu ya usingizi kunihama ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kabla sijaingia ndani, nieleze jinsi barua hii inavyosomwa. Ina kurasa saba. Kila ukurasa nimeuandikia namba kubwa juu, na Mwanaidi atazitazama. Nasema hivi kwa sababu kaka ana tabia yake. Mwaka ule nilipopasuliwa kidole tumbo niliandika ukurasa mzima juu ya hospitali, na wewe hukujua neno mpaka miezi mitatu baadaye, kwa sababu mwalimu wetu aliuruka akakusomea habari za theluji. Alifanya kwa huruma, sikatai. Leo huruma hiyo aiweke mfukoni. Kaka, ukiruka mstari mmoja nitajua. Ijumaa baada ya swala nitapiga simu ya Mwanaidi, nimwulize Mama kilichomo, ukurasa kwa ukurasa.

Utaniuliza kwa nini nisipige simu tu, watu wa siku hizi wanaandika barua? Mama, simu nimepiga mara tatu. Mara zote tatu kaka ameniambia mtandao mbaya, na mara zote tatu mtandao uliharibika nilipofika neno lile lile. Barua haikatwi. Nimempa dada Rehema wa Msambweni, yule muuguzi mwenzangu anayekuja likizo, na nimemwapisha asiiache dukani wala asimpe mtu njiani, aifikishe Jego mikononi mwako.

Kazi yangu ni ile ile, katika nyumba ya wazee. Asubuhi nawaogesha, mchana niko kwenye chumba cha kufulia nakunja mashuka. Miaka niliyotandika vitanda vya wageni Diani imenisaidia sana, hapa wananiita bingwa wa pembe, yaani pembe za shuka. Ukali wa nchi hii nimeuzoea. Nisichokizoea ni kuwa mbali mambo yanapoharibika nyumbani.

Sasa nifike. Wiki mbili zilizopita kaka aliniletea kwenye simu picha ya karatasi. Alikuwa na furaha, akaniambia, "Dada, tazama, mwandishi wa kamati ni mimi." Karatasi hiyo ina maneno yatakayochongwa kwenye jiwe litakalosimamishwa mbele ya ukumbi mpya wa shule. Mama, sijui kama amekusomea. Nina hakika hajakusomea mpaka chini. Inasema kwamba jiwe ni la mashujaa saba wa kijiji chetu, waliokataa kubebeshwa mizigo ya vita vya Mwingereza na Mjerumani, wakajificha mikokoni kwa ujasiri na akili yao. Yanafuata majina saba, na la kwanza ni Salimu. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za dawa ya kikohozi: "Tunawashukuru pia wake zao kwa kuwapikia."

Kuwapikia!

Nilikuwa nimeshika shuka mbichi mikononi, likaanguka chini nikalazimika kulifua upya. Kuwapikia, Mama. Yaani wale wanawake saba waliokiokoa kijiji wamekuwa wapishi. Na bibi yako Mwanamisi, aliyeyafikiri yote hayo kwa kichwa chake mwenyewe, hata upishi hakupewa, kwa sababu kamati inasema Salimu "alikuwa na mke mmoja tu anayetambulika", na huyo ni yule wa pili.

Nikapiga simu papo hapo. Kaka akaniambia kwa sauti yake ile ya darasani, "Dada, mambo ya kale hayo. Tusifukue kaburi."

Nikamwambia, "Kaburi lipi, kaka? Salimu ana makaburi mawili. La kwanza au la pili?"

Akacheka kidogo, halafu akasema mwenyekiti wa kamati ni mjukuu wa Salimu kwa yule mke wa pili, mtu mzito, hataki heshima ya babu yake iguswe. "Na sisi tunaishi nao hapa, dada. Wewe uko Ulaya. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mama, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Nikamwuliza, "Mwanaharamu yupi, kaka?" Nikamwuliza tena, "Bibi yetu Riziki? Mama yake Mama? Ndiye unayemngoja apite?" Hapo mtandao ukaharibika.

Kaka, najua ulilisema kama watu wanavyosema, bila kufikiri. Lakini wewe ni mwalimu, na neno hilo katika nyumba yetu halisemwi bila kufikiri. Bibi Riziki aliitwa hivyo tangu anajifunza kutambaa. Aliitwa hivyo siku ya harusi yake. Maisha yake yote alikuwa "Riziki binti Mwanamisi", akabandikwa jina la mama, ili kila anayelisikia ajue kwamba baba hakuna. Nawe hapo umelirudisha, na msomaji ni wewe mwenyewe, kwa hiyo limalize kwa kinywa chako mbele ya Mama kisha uendelee.

Sasa nitasimulia. Wewe Mama unaijua habari hii kuliko mimi, maana nimeipata kwako tukikuna nazi nyuma ya jiko. Nakurudishia kwa sababu kaka hajawahi kuisikia yote. Siku zile alikuwa chuo cha ualimu, na akija likizo unampa samaki wa kupaka na hadithi za kuchekesha. Soma polepole, kaka.

Vita vile havikuwa vyetu. Mwingereza na Mjerumani waligombana kwao, wakaja kumalizia huku mpakani, na mizigo yao ikataka vichwa vya kuibeba. Mara ya kwanza askari walikuja Jego na daftari la majina, wakachukua vijana tisa. Wakarudi wawili, na hao wawili miguu imeoza, mmoja hakuzungumza tena mpaka anakufa. Watu wakajua kwamba kwenda kubeba mizigo ni kwenda kufa, tofauti ni kwamba huziki mtu wako.

Mara ya pili yalisomwa majina saba, wote waume za watu, na Salimu mumewe Mwanamisi akiwamo. Wakapewa wiki mbili wajitayarishe. Katika siku hizo akafa kweli jirani mmoja kwa homa, na jina lake lilikuwamo daftarini likingoja zamu ya baadaye. Askari alipopita akaambiwa amekufa. Hakuuliza neno. Alilowesha kalamu kwa ulimi, akapiga mstari, akaenda zake. Mwanamisi alikuwa barazani anapepeta mchele, akaliona hilo. Wanaume wote waliokuwapo waliuona mstari huo pia, Mama. Aliyeuelewa ni msichana wa miaka ishirini mwenye ungo mapajani.

Akawakusanya wenzake sita kisimani, wakifua. Akawaambia, "Wanaotaka ni walio hai. Basi na tuwaue."

Wakawaua. Walitangaza kwamba ndui imeingia, kwa sababu maiti ya ndui hakuna anayetaka kuifunua sanda. Walikata migomba, wakapima kila gogo kwa urefu wa mume wa mtu, wakalifunga nguo nyeupe kichwani na miguuni kama inavyotakiwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakutaka kulisalia gogo la mgomba, wala hakutaka kuwasaliti, basi akashikwa na homa kwa wiki mbili nzima, akapona siku ya mazishi ya mwisho. Wazee wanne wasioweza kuandikwa kwa uzee ndio waliobeba majeneza. Uliniambia mmoja alinung'unika njiani kwamba marehemu huyu ni mzito kuliko alivyokuwa hai, tena anavuja maji, na wanawake nyuma ya milango wakalia kwa sauti zaidi ili kuficha kicheko. Makaburi saba. Utomvu wa mgomba ukawatia madoa mikononi na kwenye leso, na doa la mgomba halitoki, kwa hiyo wakavaa kaniki nyeusi mapema kuliko ilivyopasa.

Halafu wakaingia eda. Hapa ndipo kamati ya kaka inapofikiri walikuwa jikoni. Miezi minne na siku kumi, Mama! Wanawake saba vijana, ndani, hawajipaki mafuta wala wanja, hawaonwi na mwanamume asiye wao, wanalia kwa vipindi kama inavyotakiwa, na waume zao wako mikokoni wanaumwa na mbu. Askari walikuja. Yule mkubwa wao akasimama mlangoni kwa Mwanamisi akataka kuonyeshwa. Mwanamke wa eda hatoki, basi akamjibu nyuma ya pazia.

"Kaburi ni lile la tatu. Fukua utazame. Ndui inakungoja humo, ukaipeleke kwa wakeo."

Askari akapiga mstari. Mistari saba akapiga siku ile.

Waume walipelekewa vyakula, ndiyo. Mabibi wa nyumba hizo walikwenda kutafuta kuni, na ndani ya vikapu vyao mna mihogo. Hilo nalo waliliweza, na ndilo pekee ambalo jiwe limeliona.

Eda ikaisha, vita havijaisha. Mwanamisi akatoka, akaanza kwenda kuni mwenyewe. Na Salimu, aliyeapa na wenzake sita kwa msahafu kwamba hapana atakayetoka mikokoni, maana unyayo mmoja utawaua wote, Salimu akatoka. Alimfuata mkewe kwenye kuni. Sina neno kwa hilo, alikuwa mumewe wa halali na walikuwa vijana. Mwanamisi akashika mimba.

Mimba haifichiki kama mihogo. Jumbe, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, akamwita barazani mbele ya watu, mjane ambaye mume wake amezikwa mwaka na zaidi, tumbo liko mbele. Fikiria, kaka. Akisema "ya mume wangu", daftari linafunguliwa, wanaume saba wanatolewa mikokoni kwa viboko na kupelekwa kufa, na wanawake sita wanaadhibiwa pamoja naye. Akisema jina la mwanamume mwingine, anamsingizia mtu. Jumbe akamwuliza, "Mimba hii ya nani?"

"Yangu."

"Wewe na nani?"

"Yangu."

Mara ya tatu akajibu vile vile. Na wale wenzake sita, waliofua naye, waliofunga naye migomba, walikuwa wamesimama pale pale. Wakatazama chini. Mmoja alitoka akamtemea mate miguuni, ili jumbe asiwashuku. Kesho yake mwanamke huyo huyo alimwachia Mwanamisi chungu cha uji mlangoni, na Mwanamisi akasema amefanya vizuri, yeye mwenyewe angemwambia atende hivyo. Wewe Mama uliponieleza hapo uliendelea kukuna nazi mpaka kifuu, mpaka vumbi la kifuu likaingia kwenye tui. Nakumbuka tulikula mchuzi mweusi siku hiyo.

Vita vikaisha. Serikali haikuwa na haja nao tena. Wanaume saba wakatoka mikokoni, ngoma ikapigwa, mbuzi wakachinjwa. Kila mtu kijijini akajua kwamba Salimu alikuwa hai siku zote. Yaani kila mtu alikuwa na hesabu ya kujua Riziki ni mtoto wa nani, na hakuna aliyeipiga. Kwa sababu Salimu angesema "ni wangu", angekuwa amekiri kwamba alivunja kiapo, na wale sita wangemtazamaje? Basi alipita mlangoni kwa Mwanamisi bila kusimama, akaenda kukaa kwa ndugu yake. Alipoulizwa akasema, mke amekwisha kukaa eda, ndoa imekatika. Kabla ya mavuno ameoa mwingine.

Ndoa iliyokatwa na gogo la mgomba! Tangu lini mtu akakaliwa eda naye anakula mihogo? Hata mtoto wa chuo angemwambia hiyo si eda. Lakini iliwafaa, wakaishika. Na wale wanawake sita waliomgeuzia mgongo kwa kuigiza, wakasahau kugeuka tena. Waume zao walikuwa hai, nyumba zao zimetulia, nani afungue mdomo? Asante ya punda ni mateke, na Mwanamisi aliyapata yote. Wamemzika peke yake, kule ukingoni kwenye michongoma. Mmoja tu, kaburi moja. Yule aliyetoroka ana mawili.

Sasa nakuja kwako, Mama, na hapa naomba kaka asome kwa sauti ya kusikika. Wewe ulikuwapo. Ulikuwa na umri wa kuchota maji, ukatumwa upeleke uji kwa mzee mgonjwa. Salimu alikuwa kitandani, hajiwezi, amemwita Mwanamisi baada ya miaka yote ile. Wewe ulikuwa umesimama na bakuli mlangoni. Ulimsikia akisema, "Nisamehe, Mwanamisi. Riziki ni damu yangu. Niliapa sitatoka, nikatoka."

Na bibi yako akamjibu, "La kwangu nimekusamehe. La Riziki, inuka ukaliseme barazani."

Hakuinuka. Siku ya tatu akafa, akapata lile kaburi la pili. Mlipokuwa mkirudi nyumbani Mwanamisi akakuuliza, "Umesikia?" Ukasema umesikia. Akasema, "Basi liweke."

Umeliweka, Mama. Umeliweka umeolewa nalo, umezaa nalo, umekuwa mzee nalo. Mimi nimeambiwa kwa siri jikoni, na kaka hakuambiwa kabisa. Sikulaumu. Lakini umebaki peke yako duniani uliyelisikia kwa masikio, na sidhani bibi alikwambia uliweke ili uzikwe nalo.

Nina dhambi yangu pia, niitoe. Nilipokuwa darasa la tano, msichana mmoja aliniita kizazi cha eda mbele ya wenzangu. Nilimpiga, hilo wote mnalijua, nilichapwa kwa ajili yake. Msilolijua ni kwamba baada ya kumpiga nilisema, "Mimi si wa Mwanamisi, simjui." Nililisema kwa kinywa hiki. Wiki mbili hizi nikilala ndilo linalonikalia kifuani.

Hapa ninamhudumia bibi mmoja anaitwa Hanna, ana miaka mingi na akili nzima. Nilimweleza habari ya jiwe nikimfunga vifungo vya sweta. Akaniambia mama yake, katika vita vyao vya pili, aliwaficha majirani wawili waliokuwa wakisakwa na serikali kwenye dari ya chumba cha kufulia nguo, na mtaa mzima ukamwita msaliti hata baada ya vita. Alipokwisha kufa kitambo ndipo wakambandikia kibao cha shaba ukutani. Nikamwuliza, kilimfaa nini naye ameshakufa? Akasema, "Yeye hakikumfaa. Kilinifaa mimi niliyetemewa mate shuleni." Akalia, nami nikalia, Mjerumani na mtu wa Jego, tukaharibu sweta.

Basi nimekasirika, Mama, na sitaki kutulizwa. Nimekasirika na Salimu, Mungu amrehemu, na nimekasirika na mwenyekiti anayelinda heshima ya babu kwa kumfukia bibi wa mwenzake. Na wewe kaka nimekukasirikia kuliko wote, kwa sababu nakupenda na kwa sababu kalamu iko mkononi mwako. Wewe ndiye mwandishi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ningekuja mwenyewe. Kibali changu kinafanywa upya na nikitoka sasa sirudi. Kwa hiyo naomba hivi. Karatasi inakwenda kwa fundi wa mawe, kule Kona ya Musa, baada ya wiki tatu, na kabla ya hapo kamati inakaa mara moja zaidi. Kaka, siku hiyo mshike Mama mkono, umpeleke. Mpe kiti mbele, umwambie mwenyekiti kwamba mama yako ana neno. Halafu wewe unyamaze. Mama, waulize swali moja tu la kuanzia: nani alimzika Salimu mara ya kwanza? Waache wajibu. Wakishindwa, waambie ulichokisikia ukiwa na bakuli la uji. Na wataje wanawake wote saba, hata yule aliyetema mate, kwa sababu naye alifunga migomba na mikono yake ilikuwa na madoa. Nilitaka kuyaandika majina yao hapa, nikakuta mawili nimeyasahau. Mwanaidi, tafadhali yaandike leo hii kabla hamjala.

Ukiona mwili hauna nguvu, Mama, au moyo hautaki, usiende. Ni neno lako, wewe ndiye mwenyewe. Sitakulaumu kamwe. Lakini kama hutakwenda, basi kaka asilete tena karatasi ile kwangu.

Nisalimie shangazi wa Vanga anayeshona kofia, mwambie ile aliyoniletea, mzee mmoja wa hapa anaivaa mpaka mezani. Nisalimie binamu yangu wa hotelini Diani, na akikujibu "poa" badala ya marahaba mvute sikio. Jirani yetu mama wa Kikamba anayekuletea kunde, mwambie namwombea kila lenye heri. Dada Rehema ana dawa yako ya macho na sweta mbili, moja ni ya kaka. Ndiyo, kaka, hata kwa hasira hii nimekununulia sweta.

Huu ni mwisho wa ukurasa wa saba. Kaka, umebakiwa na mstari mmoja, ambao haujawahi kusomwa kwa sauti katika nyumba yetu wala nyumba yoyote ya Jego. Mama ameungoja tangu anachota maji. Usome umesimama wima.

Mimi ni mwanao, Mejumaa, binti wa Mwanasha, binti wa Riziki binti Salimu.